Studio ya Anayefuata

Kwa miaka ishirini na miwili dada yangu aliita wagonjwa. Alikaa nyuma ya kioo katika ukumbi wa hospitali kubwa, kipaza sauti mbele yake na rundo la kadi mkononi, akaita jina, kisha namba ya dirisha, kisha akasema "Anayefuata." Neno hilo likamganda. Mtaani hakuna anayekumbuka jina alilopewa na mama; kwa wakubwa na wadogo yeye ni Anayefuata. Mimi ni mdogo wake, natengeneza majeneza, na mtaa haukunisahau: mimi naitwa Fundi Mwisho. Tunaishi nyumba moja, ile aliyotuachia mama, yeye mjane na mimi sikuwahi kuoa. Watu hucheka wakisema kwamba nyumba moja ina Anayefuata na Mwisho, lakini nimewaona, wakifika mbele ya mlango wetu huongeza mwendo.

Usidhani kuita majina ni kufungua mdomo tu. Dada alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi, kabla ya madirisha kufunguliwa, alipita kwenye mabenchi na zile kadi, akawauliza wenye majina magumu yanatamkwaje, akaandika pembeni kwa penseli. Kisha aliita kila jina mara mbili, kwa sauti iliyonyooka, maneno yameachana, hapandishi wala hashushi. Niliwahi kumwambia kwamba anaita kama mtu anayehesabu matofali. Hakukasirika. "Ukumbi una watu mia tatu na watoto wanalia," akasema. "Nikilegeza sauti, kuna bibi atapitwa na jina lake. Atakaa hapo mpaka jioni, halafu atarudi nyumbani na ugonjwa wake." Mimi humheshimu mtu anayeijua kazi yake, hata akiwa dada yangu na ananikera.

Kisha zikaletwa skrini. Zilitundikwa mbili ukumbini, zinaonyesha namba, na kila namba ikibadilika kinalia kikengele. Dada alipewa barua na kushikana mikono na mkubwa wa idara. Alirudi nyumbani mchana, kikombe chake na mto wake wa kiti vimo kwenye mfuko wa plastiki. Miezi mitatu baada ya hapo alikaa kimya. Mtu aliyezoea kutamka majina mia nne kwa siku akawa anasema maneno kumi, na manane kati ya hayo ni ya kuniambia nipanguse miguu kabla ya kuingia. Niliogopa, sitaficha. Nimeona wengi wakinywea hivyo baada ya kazi kuisha, na mwisho wa safari yao ni bandani kwangu.

Kilichomwinua ni tangazo alilolikuta kwenye simu. Kulikuwa na shirika linalorekodi vitabu vya shule kwa ajili ya watoto wasioona, nalo lilitafuta msomaji mmoja wa kufanya kazi nyumbani kwake. Dada alinunua maiki iliyokwisha kutumika, yenye mguu wa chuma, na laptop iliyochubuka pembeni. Akajifunza kwa video za kwenye simu, daftari pajani, kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Kizuizi cha pumzi, kile kinachowekwa mbele ya maiki ili herufi P na B zisipasuke, alikitengeneza kwa soksi yake nyembamba ya zamani akiivuta juu ya duara la kudarizia. Alinionyesha akiwa amekunja uso, lakini niliona amefurahi. Akarekodi ukurasa mmoja chumbani kwake, akautuma.

Siku ya tatu mama mmoja wa ofisi ile akapiga simu. Dada aliweka sauti ya simu juu ili nami nisikie. Yule mama alisema sauti ni nzuri sana, ila kuna mambo mawili. Kwanza, chumba kinarudisha mwangwi. "Unasikika kama umo ndani ya tangi la maji, dada yangu." Pili, anasoma kama anaita. "Jaribu kumsomea mtu mmoja." Wamebaki watu watatu, akasema, na nafasi ni moja. Kila mmoja amepewa kitabu kidogo cha kusoma cha darasa la tatu, kurasa thelathini, kirekodiwe chote na kitumwe katika faili moja, Ijumaa ya wiki ijayo, mwisho saa kumi na moja jioni. Zilikuwa siku tisa.

Dada alikata simu akaiweka juu ya meza taratibu. "Nikiikosa hii, mdogo wangu," akasema, "mimi na kusema mbele ya watu basi. Nitakaa kimya kama walivyotaka." Hakuwa anatania. Dada hana tabia ya kusema jambo ili abembelezwe.

"Huo mwangwi niachie mimi," nikamwambia. "Fundi yumo ndani ya nyumba, unahangaika na nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimsimamisha mlangoni nikampima kwa tepu: urefu, upana wa mabega, kina cha kifua. Nikaongeza vidole vinne kila upande, kama ninavyoongeza siku zote. Sikuwaza, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa na mbao nzuri, kavu, nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mteja asiyebana matumizi. Nikazipiga randa mpaka zikang'aa, nikaziunganisha kwa meno ya patasi bila msumari hata mmoja, nikaziba kila upenyo kwa gundi ili sauti ya nje isipate pa kupitia. Ndani nikaweka pamba, juu yake satini nyeupe iliyokunjwa mikunjo midogo, kazi ambayo mtaa mzima hakuna mwingine anayeiweza. Mlango niliufunga kwa bawaba za shaba. Nikakaa na kazi hiyo siku mbili bila kula vizuri. Nilipokisimamisha kijumba hicho chumbani mwake, nilirudi nyuma nikakitazama, na moyo ukanijaa. Nilijiona nimemlipa dada yangu kwa kunilea.

Dada aliingia na ndoo ya maji. Akaiweka chini. Akakitazama kile kijumba kuanzia juu mpaka chini, tena kuanzia chini mpaka juu.

"Umeniwekea na vishikio," akasema.

Kweli nilikuwa nimeweka vishikio, vitatu kila upande. Nilikuwa navyo tu kwenye boksi, vizuri, vimepakwa rangi ya dhahabu. "Ni vya kukibebea," nikajibu. "Ukitaka kukihamisha."

"Watu sita."

Siku mbili za kazi, halafu mtu ananihesabia wabebaji. "Miaka thelathini nafanya kazi hii," nikamwambia, "na hakuna hata mmoja niliyemtengenezea aliyewahi kulalamika."

"Hao watalalamika kwa nani?" akasema dada.

Hata hivyo aliingia. Nadhani alinihurumia, au alizihurumia mbao. Akachukua maiki, kitabu na taa ndogo, akavuta mlango. Mimi nikakaa kitandani kwake, nikavaa spika za masikioni ili nisikilize. Akaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Sauti ilikuwa imebanwa pande zote, nzito chini, haina hewa. Ilikuja masikioni mwangu kutoka ndani ya kazi yangu, na mdomo wa kuisema sikuuona. Nimefunga vifuniko vingi maishani mwangu, na sijawahi kusikia mtu akisema ndani yake. Nilizivua zile spika kwa haraka. Nikafungua mlango. Dada alikuwa ameloa jasho usoni na kifua kinampanda na kushuka.

"Toka," nikamwambia. "Toka humo, tafadhali."

Alasiri ile ile nilikibomoa. Dada alikaa kwenye ngazi ya mlango akinitazama, hakusema lolote la kunicheka, na kwa hilo nilimshukuru zaidi kuliko kama angenipa maneno. Nilipotulia nikamwambia anionyeshe zile video. Tulizitazama pamoja, vichwa vimegusana kama watoto. Kumbe sauti haitaki kufungiwa. Inataka kuondoka mdomoni, ikifika ukutani isirudi, basi. Mbao ngumu iliyopigwa msasa ndiyo adui wake mkubwa. Inairudisha kama mpira. Kila nilichojivunia kilikuwa kosa, isipokuwa pamba.

Kwa hiyo nikaanza upya. Nilitengeneza fremu tatu nyepesi, ndefu kidogo kuliko mtu, nikazijaza blanketi kuukuu na pamba, nikazivika kitambaa cha kawaida kinachopitisha hewa, nikaziunga kwa bawaba zikasimama kama pazia la kukunja. Juu wazi, nyuma wazi. Tuliziweka kwenye kona iliyo mbali na dirisha, godoro la akiba likaegemezwa ukuta wa nyuma, zulia likatandikwa chini na meza ikafunikwa taulo ili karatasi zisikwaruze. Dada akapiga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likafa papo hapo. Akapiga tena, na safari hii akatabasamu. Friji ilizimwa kila alipoanza kurekodi, na saa ya ukutani, iliyokuwa inagonga sekunde kama mtu anayedai, tukaihamishia bandani kwangu.

Likabaki tatizo ambalo ni mimi mwenyewe. Banda langu limeegemea ukuta wa chumba cha dada. Nikipiga nyundo, kikombe chake hucheza mezani. Tukakubaliana: akiwa anarekodi, atatundika kitambaa chekundu dirishani, nami nitaacha kelele. Basi nikajifunza kazi za kimya. Nilipaka tena vanishi majeneza yaliyokwisha kupakwa. Nilinoa patasi ambazo hazikuwa butu. Wakati mwingine nilikaa tu juu ya mbao, nikamsikiliza kupitia ukuta, mpaka kitabu kile nikakijua chote. Ni hadithi ya msichana aliyetumwa kwa shangazi yake kuchukua sufuria waliyokuwa wamemwazima. Akirudi, mvua inamkuta njiani, maji yanafunika daraja, anashika njia asiyoijua, anawauliza watu mmoja baada ya mwingine.

Sauti sasa ilikuwa safi. Usomaji ndio uliogoma. Dada alisoma kila sentensi mara mbili, mara nne, na kila mara ilitoka imenyooka, maneno yameachana, kila mtu wa ukumbini amesikia. Siku moja alinyanyua kitambaa akanichungulia dirishani.

"Unasikiaje?"

"Nasikia kama huyo mtoto anatakiwa dirisha la tatu."

Hakucheka. Akakaa kwenye fremu ya dirisha. "Huyo mama anasema nimsomee mtu mmoja," akasema. "Mtu mmoja yupi? Mimi niliwatazama mia tatu, miaka ishirini na miwili, na nikimtazama mmoja kwa muda mrefu wengine wananikasirikia. Hiyo kumsomea mmoja sijui hata inaanzia wapi." Nilimwambia ajaribu kunisomea mimi, akajaribu, akaishia kunikaripia kwa sababu nilikuwa nakwaruza mbao kwa ukucha.

Mpaka Jumatano jioni alikuwa amemaliza kurasa ishirini na nne. Si kama alivyotaka, lakini zilikuwa safi, naye akajikaza. Zilibaki sita, kuanzia pale msichana anapofika darajani. Alhamisi mvua ikanyesha. Nyumba yetu ina mabati, na mvua juu ya mabati haina kitambaa chekundu cha kuizuia. Dada alikaa mbele ya maiki siku nzima na kitabu kimefunguliwa, akitazama dari. Ijumaa asubuhi mvua ikaendelea. Mtandao wa kwetu huvuta miguu. Faili la kitabu kizima huchukua karibu saa nzima kufika. Alipiga hesabu akaandika kwenye daftari: lazima niwe nimetuma saa kumi kamili.

Mvua ilikatika saa nane na nusu mchana. Kabla matone ya mwisho hayajaisha kudondoka, kitambaa chekundu kilikuwa dirishani. Nikaweka chini kila kitu, nikakaa.

Haikupita robo saa, mwanamume mmoja akasimama mlangoni mwa banda. Shati lake lilikuwa limelowa mabegani, viatu vina tope. Hakusema amefuata nini. Alitoa mfukoni kipande cha kamba, akakinyoosha juu ya meza yangu ya kazi. Kilikuwa na mafundo mawili.

Watu wengi huniletea kipimo namna hiyo. Hawapendi kushika tepu, wala kutaja namba. Wanachukua kamba yoyote iliyo karibu, wanafunga fundo kichwani na fundo miguuni. Kamba hii ilikuwa ya kuanikia nguo. Niliisimamisha kando yangu, na kutoka fundo hadi fundo haikunifika kifuani.

"Binti yangu," akasema. "Tunamzika kesho asubuhi."

Nitasema jambo kwa aibu. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kitambaa chekundu. Nilitaka kumwambia aende kwa fundi mwingine, yuko mmoja upande wa pili wa soko, na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Kisha nikamtazama. Alikuwa amekwisha kutembea kiasi alichoweza. Nikamwambia, "Pole sana, kaka. Kaa hapo," nikamsogezea kigoda.

Nikazunguka mpaka dirishani kwa dada, nikanyanyua kitambaa kidogo. Alikuwa katikati ya sentensi. Akageuka na macho makali, nami nikamwonyesha kwa kidole. Kutoka pale aliweza kuona meza yangu, na kamba iliyo juu yake. Macho yake yalikaa kwenye kamba, kisha yakahamia kwa yule baba.

"Kata mbao zako," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nitangoja."

Mbao nilikuwa nazo. Zilikuwa zile zile za kijumba nilichobomoa, kavu, zimepigwa randa, hazihitaji zaidi ya kukatwa. Nilikata kwa msumeno wa mkono, kwa haraka kuliko nipendavyo. Dada alikaa kitandani na mikono mapajani, akisikia dakika zake zikienda na msumeno. Nilimaliza saa tisa na robo, nikagonga ukutani mara moja kumjulisha. Kilichobaki nilikifanya bila nyundo. Nilipaka gundi, nikatoboa kwa keekee ya mkono, nikakaza skrubu kwa bisibisi, nikibana pumzi kila bisibisi ilipoteleza. Upande wa pili wa ukuta dada akaanza. Msichana akafika darajani.

Yule baba alikuwa ameinamisha kichwa. Baada ya sentensi mbili tatu akakiinua. Alisikiliza kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha kitu.

"Fundi," akasema, "hiyo si ile ya msichana na sufuria?"

"Ndiyo. Ni dada yangu anasoma. Anarekodi kwa ajili ya watoto wasioona."

"Ni kitabu chao cha darasani." Akageukia ukuta. "Alikuwa ananisomea jioni, ukurasa mmoja mmoja. Alikataa nisome mimi, ati nakwenda mbio. Tuliishia darajani. Siku ya pili yake ndiyo homa ilianza."

Niliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazika. Dada alisoma ukurasa, akarudia mstari, akasoma mwingine, lakini kupitia ukuta yalitufikia maneno machache tu, mengine yakapotea kwenye godoro na pamba niliyoijaza kwa mikono yangu. Yule baba alisogeza kigoda karibu na ukuta. Akatega sikio. Hakupata kitu, akarudi kukaa wima.

"Huyo mtoto," akaniuliza, "alifika?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi siku zile dada alipofanya mazoezi ya kitabu chote. Maneno ya namna ile hayakuwa yangu kuyatoa, mimi mwenye bisibisi mkononi na kazi ile mbele yangu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano.

Nikaenda nikabisha mlango wa dada. Sikukuna, nilibisha, na kupitia mlango nikasikia sentensi ikikatika.

Alifungua akiwa ameshika kitabu kifuani. "Nilikuwa mstari wa tatu kutoka mwisho," akasema. "Mistari mitatu, wewe mtu. Halafu natuma."

Nikamwambia. Nilisema kwa maneno machache: kwamba mtoto alikuwa anakisoma kitabu hiki, kwamba waliishia darajani, kwamba baba yake anauliza kama alifika.

Dada aligeuka akaitazama laptop, pale kwenye mstari wa kijani uliokuwa bado unatembea ukirekodi ukimya wetu. Kisha akaenda akabonyeza, mstari ukasimama. Akatoka na kitabu.

Ile kazi hakuipata. Ni vizuri ujue sasa. Alirudi baadaye akausoma upya ukurasa wa mwisho, akatuma, na faili likafika dakika ishirini na sita baada ya saa kumi na moja. Jumatatu walijibu kwa mistari miwili kwamba walifunga kupokea saa kumi na moja kamili, na kwamba nafasi imepata mtu. Dada alinisomea barua hiyo kwa sauti yake ya hospitali, akanywa chai, kisha akatundika kitambaa chekundu akatafuta tangazo jingine. Nililia mimi, siyo yeye. Lakini hiyo ni Jumatatu. Siku ile ya Ijumaa hakuna kati yetu aliyekuwa hajui kinachopotea.

Aliingia bandani, akamsalimu yule baba, akampa pole kwa kumshika mkono. Hakumwuliza kitu. Alifuta vumbi la mbao kwenye benchi, akakaa karibu naye, magoti yao karibu yagusane, akafungua kitabu ukurasa wa darajani ili na yeye aione picha. Nikaweka bisibisi chini.

Akasoma. Mimi ni mdogo wake, nimemsikia tangu nazaliwa, na sikuijua sauti ile. Ilikuwa ndogo. Palipokuwa na giza kwenye hadithi, alipunguza mwendo. Palipokuwa na mvua, alingoja. Alifika kwa muuza mkaa asiyeijua njia, akamtazama yule baba kana kwamba wote wawili wanashauriana wafanyeje, naye yule baba akatikisa kichwa. Alifika kwa mwanamke mwenye taa, aliyemwonyesha msichana mtaa wao kwa kidole. Ukurasa ulipokwisha hakuugeuza mpaka yule baba amemaliza kutazama picha. Mara moja niliona jicho la dada likipanda kwenye saa ya ukutani. Lilishuka, na sauti haikubadilika.

Ukurasa wa mwisho ni mfupi. Msichana anatembea na sufuria kichwani, viatu vimejaa maji, anaiona nyumba yao. Ndani baba yake hajalala, amekaa karibu na mlango. Anazisikia nyayo zake uani, anazijua, anafungua kabla mtoto hajabisha.

Dada akafika mwisho. Kazi yangu ilikuwa mezani kati yetu, bado haijawekwa kitambaa. Yule baba alikuwa ameshika ile kamba, sikumwona alipoichukua, anaizungusha kwenye vidole. Machozi yalimtoka bila sauti, hakuyafuta. Saa ilikuwa kumi na dakika kumi na mbili.

"Dada," akasema, "samahani. Naomba urudie hapo anapofika."

Dada akarudisha kidole juu ya ukurasa, akamsomea tena.